Keshia yuko, uamuzi hauko

Mashine ya kujilipia, ile ambayo mteja anapitisha vitu vyake mwenyewe na kuondoka bila kusemeshwa na mtu, bado sijaiona hapa Goma. Tunaiona kwenye video za ndugu zetu walioko Ubelgiji na Kanada, wakigombana nayo kwa sababu imekataa kutambua nyanya. Ndiyo maana swali la kama teknolojia itawaondoa watu madukani linaonekana ni la wengine. Kwetu vijana wanaotafuta kazi wamejaa kila kona, na keshia wa duka kubwa la katikati ya mji yuko palepale, amevaa sare, anasema bonjour.

Kwa maoni yangu, jambo hilo limeshafika, ila limeingia kwa mlango mwingine. Keshia yuko, sawa, lakini tazama ana ruhusa ya kufanya nini. Hawezi kukupunguzia hata faranga mia. Hawezi kukukopesha. Akipiga sabuni moja mara mbili kwa bahati mbaya, hawezi kuifuta mpaka msimamizi aje na namba yake ya siri, na wewe na foleni yote nyuma yako mnasubiri. Ukimwuliza mafuta yamepandaje bei tangu juzi, atakujibu kwamba kompyuta ndiyo inasema hivyo. Kazi iliyobaki kwake ni kusogeza vitu mbele ya skana na kupokea noti. Kuamua, ambako ndiko kulikomfanya mtu awe mtu dukani, kumeshahamia kwenye programu. Mikono yake imeachwa kwa sababu bado ni rahisi kuliko mashine.

Wazo la kumwondoa mtu wa kaunta lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1916, mjini Memphis huko Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la vyakula lililoitwa Piggly Wiggly. Kabla yake mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, karani akageuka nyuma, akapima sukari, akafunga, na mara nyingi akaandika deni kwenye daftari. Mtu wa Ndosho au Majengo, mitaa yetu ya hapa Goma, hahitaji kuchorewa picha, maana kioski cha kona kinafanya kazi hivyo hadi leo. Saunders aliweka mlango wa kuzunguka, akagawa vikapu, akabandika bei kwenye kila kitu, na akapanga rafu kwa namna ambayo mteja lazima azipite zote ndipo afike penye kulipia. Mwaka uliofuata akapata hataza ya mpangilio huo. Kuna jambo moja ambalo wasifu wake wa kawaida hulipita haraka: duka lile lilikuwa la pesa mkononi. Karani alipoondolewa kwenye kaunta, daftari la madeni liliondoka naye.

Saunders hakutosheka. Baada ya kuipoteza kampuni yake kwenye vita vya soko la hisa mwaka 1923, alirudi mwaka 1937 na duka jingine, Keedoozle, ambako bidhaa zilikaa nyuma ya vioo, mteja akachagua kwa kuingiza ufunguo kwenye tundu, na mzigo ukamfuata kwa mkanda unaojiendesha. Mitambo iliharibika mara kwa mara na duka halikudumu. Yaliyobaki yanaweza kusemwa kwa pumzi moja: mwaka 1974, huko Troy, Ohio, ile mistari myeusi ya kwenye paketi ilisomwa na mashine kwa mara ya kwanza dukani, kwenye pakiti ya bazoka, yaani chingamu, ya Wrigley's, na mwaka 1986, karibu na Atlanta, mashine ya kwanza ya mteja kujihudumia malipo ikawekwa kwenye duka la Kroger.

Huko hesabu ilikuwa ya mshahara. Mtu wa kaunta alikuwa ghali, mteja akapewa kazi yake aifanye bure na akaambiwa kwamba huo ni uhuru. Hapa hesabu hiyo haisimami. Keshia wa Goma analipwa kidogo mno kiasi kwamba mashine moja ya kujilipia, pamoja na fundi wake na betri za kuilinda umeme ukikatika, ingechukua miaka mingi kurudisha gharama. Mwenye duka anajua kupiga hesabu kuliko mimi. Yeye anaponunua kompyuta, skana na kamera, ananunua usingizi.

Duka la zamani lilikuwa na ndugu kwenye droo ya pesa: mtoto wa dada, shemeji, au mke mwenyewe. Undugu ulikuwa sehemu tu ya sababu. Bei zilikuwa kichwani, madeni yalikuwa kwenye daftari, na aliyeshika hivyo viwili ameshika duka. Halafu siku moja shemeji anafungua duka lake mtaa wa pili, kwa mtaji ambao hakuna anayeelewa umetoka wapi, na familia nzima inaitwa kikao. Karibu kila mfanyabiashara wa Birere, mtaa wa biashara hapa mjini, ana habari ya namna hiyo, na asiyekuwa nayo anasimulia ya jirani. Programu ya mauzo ilikuja kama jawabu. Kila katoni inaingia kwa namba na kutoka kwa namba, na tajiri aliyekwenda Kampala au Dubai kufuata mzigo anaangalia kwenye simu yake boksi la maziwa likiuzwa huku.

Simlaumu. Aliyeibiwa na mtu wa nyumbani kwake ana haki ya kupenda kompyuta. Lakini angalia tuhuma ilivyoenea dukani baada ya hapo. Kamera inamwangalia keshia. Msimamizi anamwangalia keshia na kamera. Kijana wa rafu anakuangalia wewe. Na mlangoni kuna mlinzi anayechukua risiti yako, anachungulia mfukoni kwako, kisha anaipiga mstari wa kalamu hata kama wewe na yeye mnajua kwamba hakuhesabu kitu. Ndipo mtu anajiuliza teknolojia hii imepunguza kazi gani. Imeongeza watu wanaotazama na kupunguza wanaoweza kusema "ndiyo" au "hapana". Ukiniuliza, hilo ndilo badiliko kubwa la biashara ya mji huu katika miaka ya karibuni, na halina picha nzuri ya kuonyesha kwenye habari kama roboti.

Nenda soko la Virunga uone kilichopotea ni kipi, maana watu wengi hudhani ni maongezi. Mama anayeuza maharage anajaza murongo, chombo chake cha kupimia, hadi mdomoni, halafu anauzungushia mikono ili punje za juu zisianguke, kilima kikue. Akishamwaga kwenye mfuko wako unasema, "Mama, ongeza basi," naye anatupia konzi moja. Konzi hiyo ina hesabu yake. Mteja wa kila wiki anapata kubwa, mpita njia ndogo, na aliyemtukana jana hapati. Jioni, mvua ikitishia na mzigo wa lengalenga, yaani mchicha, haujaisha, bei inashuka bila kikao cha bodi. Ni uamuzi mdogo unaofanywa mara nyingi kwa siku, na unafanywa na mtu anayejua anachopoteza akikosea.

Au chukua noti. Nchi hii inanunua kwa faranga na kwa dola kwa wakati mmoja, na dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto inakataliwa kama vile imetengenezwa kwa jirani. Mwenye kioski anaigeuza, anaipeleka kwenye mwanga, anakutazama usoni, kisha anasema ataichukua lakini kwa bei ya chini kidogo, kwa sababu anamjua mtu wa kubadilisha fedha atakayeipokea. Kiwango cha siku naye anacho kichwani: mwanzoni mwa 2025 dola ilizunguka faranga 2,800 hivi, na kila duka lilikuwa na "hivi" yake. Mpe keshia wa kompyuta noti hiyohiyo. Hataki kuiona, kwa sababu ikikwama ni mshahara wake. Mashine ya kumeza noti ndiyo usiseme. Ingezitapika noti za mji huu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kisha kuna deni. Mwalimu ambaye mshahara haujafika, fundi anayelipwa nyumba ikiisha, mama ambaye mumewe yuko machimboni Rubaya na hela inakuja ikijisikia kuja: hawa wanakula kwa daftari la kioski. Mwenye kioski anajua nani amefiwa na nani anajifanya. Sitaki kumpamba. Mkopo wake una riba ndani ya bei, chumvi yake ni ghali kuliko ya sokoni, na ukishaingia kwenye daftari huwezi kununua kwingine bila kuulizwa mbele za watu. Wala si kweli kwamba mashine haiwezi kukopesha. Kenya wana Fuliza tangu 2019: simu inakulipia pale salio lisipofika, na inakata chake pesa ikiingia. Hukopesha usiku wa manane na haikuulizi kitu. Lakini haikuulizi kwa kila maana ya neno hilo. Umefiwa au umelewa, ada ni ileile, na siku ya kulipa huna mtu wa kumwambia, "Papa, nisogezee hadi Jumamosi."

Hapa nawasikia wanaopinga, na nguvu ya hoja yao si ndogo. Huyu mtu mnayemlilia, wanasema, ndiye anayepanga bei kwa kuangalia viatu vyako. Ni kweli. Mgeni akishuka kwenye teksi bei inapanda kabla hajafunga mlango. Msichana anayeongea kwa haya analipa zaidi ya kaka yake. Wapo wanaume wa kaunta ambao punguzo lao lina masharti yasiyoandikwa, na kila dada anayesoma hapa anaelewa ninachosema. Bei iliyobandikwa inamwokoa mtu na mazungumzo ambayo hakuyaomba.

Na kuna kundi ambalo wapenzi wa daftari huwa tunalisahau. Kwa miaka mingi mji huu umepokea watu waliokimbia vita kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, kwa maelfu mengi, wakakaa kwenye mahema ya Kanyaruchinya na Bulengo hadi kambi hizo zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025. Nani aliwakopesha? Daftari linataka ujulikane, na mtu aliyefika jana na godoro kichwani hajulikani. Konzi ya nyongeza inakwenda kwa mteja wa zamani. Kwa mtu huyo, duka ambalo bei ni moja kwa kila anayeingia ni pahali pa kwanza mjini ambapo hana haja ya kujieleza. Sina jibu la kuivunja hoja hii, na sidhani inafaa kuvunjwa. Uamuzi wa mtu ni mzuri kwa anayependwa.

Upande wa pili wa mpaka, Gisenyi, kulipa kwa namba kumekuwa jambo la kila siku. Mama anayevuka Petite Barrière asubuhi anaona hata muuza ndizi ana msimbo wa MoMo, pesa za simu, uliobandikwa kwenye meza yake. Mteja anabonyeza, ujumbe unaingia, hakuna anayetafuta chenji. Lakini muuza ndizi bado yupo. Bei bado inajadiliwa, nyongeza bado inaombwa, simu imechukua kazi ya noti tu. Mfano huo uko umbali wa kutembea kwa miguu, na unanionyesha kwamba kuondoa pesa mkononi na kuondoa uamuzi wa mtu ni mambo mawili tofauti. Huku kwetu mara nyingi tumeletewa yote mawili kwenye katoni moja.

Halafu mji wetu ulipewa jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulipanga. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, benki zikafungwa, na mashine za kutolea pesa zikabaki zimesimama ukutani na vioo vyeusi. Mtu mwenye akiba halali, kadi halali na namba ya siri aliyoikariri hakuweza kununua hata sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Waliotaka noti zao walivuka kwenda Gisenyi, na waliobaki waliangukia M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, yaani waliangukia kijana mwenye mwavuli, meza ya mbao na simu mbili. Ndiye aliyekuwa benki. Mwezi Aprili CADECO, benki ya akiba ya serikali, ikafunguliwa mjini chini ya utawala mpya, lakini kwa mahitaji ya kila siku meza ya mbao haikuondoka.

Tungependa kusimulia kwamba binadamu alishinda mashine. Mimi nilivyoona, binadamu alifanya biashara. Noti zilipokuwa haba, wakala wengi waliweka yao juu ya ada ya kampuni, na aliyetaka kutoa dola alilia zaidi. Wengine walimhudumia kwanza jirani mwenye mgonjwa na kumwambia mwingine kwamba pesa zimeisha. Uamuzi, mzuri na mbaya, ulirudi wote kwa siku moja. Ninachochukua kutoka miezi ile ni kitu chembamba zaidi: mfumo ulipokatika juu, mji uliendelea kula kwa sababu chini yake kulikuwa na watu wengi waliojua kuamua bila kuuliza ofisi. Kama mawakala wale wangekuwa wameshageuzwa kuwa mashine za ukutani, sijui tungebonyeza nini.

Na hata kule ambako umeme haukatiki, watu hawakuondoka kirahisi kama ilivyotangazwa. Amazon ilijenga maduka ambayo mteja anachukua vitu na kutoka, kamera zinamhesabia. Aprili 2024 ikasema inauondoa mfumo huo kwenye maduka yake makubwa ya Amazon Fresh nchini Marekani. Magazeti yaliandika kuhusu watu wapatao 1,000 waliokuwa India wakikagua picha za manunuzi. Kampuni ikakanusha jinsi kazi hiyo ilivyoelezwa, ikisema walikuwa wakiufundisha mfumo na kuhakiki sehemu ndogo tu. Hata tukichukua maneno ya kampuni yenyewe, kulikuwa na mtu nyuma ya kamera, ila mteja hakuweza kumwona wala kumwuliza. Uingereza, duka la Booths la kaskazini liliziondoa mashine za kujilipia karibu kote mnamo Novemba 2023, kwa kuwa wateja waliziona ni za polepole na hazina utu. Uholanzi wamekwenda mbali zaidi: Jumbo walianzisha mwaka 2019 foleni maalumu ya wanaotaka kuongea na keshia. Jaribu kumweleza mama wa soko la Kituku kwamba kuna nchi ambako kuongea na muuzaji kuna foleni yake.

Foleni ya kuongea haitatusaidia sisi, maana keshia wetu anaongea vizuri tu. Tatizo lake ni kwamba maneno yake hayana uzito wowote juu ya bei wala deni, huku uzito wote wa hasara ukiwa kwake. Katika maduka mengi, jioni kompyuta ikionyesha pesa zimepungua, upungufu unakatwa kwenye mshahara wake. Wakati mwingine umetokana na wizi, lakini mara nyingi unatokana na faranga hamsini hamsini ambazo hazikuwepo droo, au noti iliyopokewa asubuhi na kukataliwa jioni. Ndiyo maana mteja anapewa bonboni mahali pa chenji, na ndiyo maana dada huyo anakutazama kwa ukali ukitoa noti ya 20,000 kununulia mkate. Tunamwita mkali. Anahesabu mshahara wake.

Mwenye duka angeweza kubadili hili bila kununua kitu. Programu hizo za mauzo zina mahali pa kuweka punguzo na mahali pa kuandika mteja anayedaiwa. Zimefungwa kwa amri ya tajiri. Mpe keshia kiasi kidogo kwa siku, tuseme faranga 10,000, ambacho ni ruhusa yake: azungushe bei pasipo na chenji, apokee noti iliyochoka, amwandikie mwalimu anayemjua mkate na sukari hadi mwisho wa mwezi. Kila alichoamua kibaki na jina lake kwenye kumbukumbu, na kikifika mwisho wa kiasi, basi. Atakayeitumia ruhusa kwa shoga zake ataonekana mapema kuliko shemeji wa zamani alivyoonekana, kwa sababu safari hii namba zipo. Yule mgeni wa Kanyaruchinya naye bei yake itabaki ileile iliyobandikwa, hakuna anayemwongezea.

Matajiri wawili niliowaeleza wazo hili walicheka, mmoja akaniuliza kama nimewahi kuendesha duka. Sijawahi. Lakini nilimwuliza ni wateja wangapi amewapoteza mwaka jana kwa kukosa faranga za kurudisha, naye hakujua, ingawa ana kompyuta inayomwambia ni saa ngapi boksi la mwisho la maziwa lilitoka. Kompyuta iliyoletwa kumchunga keshia inaweza, baada ya miezi mitatu ya ruhusa ndogo kama hiyo, kumwonyesha ni nani kati ya walioandikwa alirudi kulipa.